Ukimtuma mtoto dukani, mfundishe kutazama

Ndugu wasomaji, mwezi huu sitazungumza juu ya nafasi za kupanda pamba. Nitazungumza juu ya watoto wetu na duka. Wengine mtasema, "Bwana shamba ameacha kazi yake." Sikuiacha. Mkulima hulima, huuza na hununua. Asiyejua kuuza na kununua atalima sana na atabaki maskini.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Siku moja nilimtuma binti yangu kununua sukari kilo moja. Alikuwa na umri wa miaka 9. Bei ilikuwa shilingi 3,000. Nilimpa noti ya shilingi 5,000. Alirudi na sukari na shilingi 1,500. Shilingi 500 hazikuwapo.

Nilimgombeza mbele ya wageni. Nilidhani amenunua peremende. Akalia, akasema, "Baba, nimeleta zote alizonipa." Sikumsikiliza.

Kesho yake nilikwenda dukani mwenyewe. Nikasimama pembeni, nikatazama. Watoto wawili walikuwa wamefika mapema. Wakaja watu wazima, wakahudumiwa kwanza. Zamu ya mtoto ilipofika, mwenye duka alikuwa akiongea na mtu mwingine. Alimpa mtoto chenji bila kuihesabu. Mtoto naye hakuihesabu. Alifumba mkono, akakimbia nyumbani.

Sikuwa na ushahidi wa kudai shilingi 500 zangu. Lakini niliona kosa langu. Nilimtuma mtoto na sikumfundisha. Nikarudi nyumbani, nikamwomba binti yangu radhi. Tangu siku ile tulianza masomo.

Mambo manne ya kumfundisha mtoto

La kwanza: kabla hajaondoka, mwulize hesabu. "Sukari ni shilingi 3,000. Nimekupa 5,000. Utarudi na ngapi?" Akikosea, msaidie hapo hapo.

La pili: atazame mizani. Kabla ya kitu kuwekwa, mshale uwe kwenye sifuri. Kama ni mizani ya namba, namba iwe sifuri.

La tatu: ahesabu chenji mbele ya mwuzaji. Afanye hivyo kwa heshima. Amsalimu mwuzaji, ahesabu, aseme asante. Kuhesabu fedha si utovu wa adabu. Mwuzaji mwaminifu hakasiriki.

La nne: akirudi, mwulize, "Wamekupokeaje? Ungependa kurudi pale? Kwa nini?"

Swali hili la nne ndilo lililonifundisha mimi. Binti yangu alianza kwenda duka la mbali. Nikamwuliza sababu. Akasema, "Kule mama mwenye duka huitikia salamu yangu. Hunihudumia kwa zamu. Sukari ikiwa imekwisha, huniambia itakuja lini."

Fikirini maneno hayo. Mwenye duka la karibu alipoteza mteja na hakujua. Mtoto hakugombana naye. Alibadili njia tu. Na mtoto ndiye aliyebeba fedha za nyumba nzima.

Basi nikamwambia binti yangu, "Siku ukiuza kitu, kumbuka duka lile la mbali."

Faida ni nini?

Siku nyingine tulinunua sabuni. Kipande kimoja kiliuzwa shilingi 500. Mche mzima uliuzwa shilingi 3,500. Mche ule hukatwa vipande 8. Nikamwuliza, "Vipande 8 ni shilingi ngapi?" Akajibu, "Ni 4,000." Nikamwuliza tena, "Shilingi 500 zilizozidi ni za nani?" Akafikiri, kisha akasema, "Ni za mwenye duka, kwa sababu yeye ndiye aliyenunua mche mzima."

Siku hiyo aliielewa faida. Akaelewa pia kwamba anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi.

Baadaye yeye na mama yake walikaanga karanga za kuuza siku ya gulio. Karanga kilo 2 zilikuwa shilingi 6,000. Kuni zilikuwa shilingi 500, karatasi za kufungia 300, na chumvi 200. Jumla ni shilingi 7,000. Walifunga mafungu 40, kila fungu shilingi 200. Yote yakiuzwa ni shilingi 8,000.

Mafungu 3 yalichukuliwa kwa mkopo. Walirudi na shilingi 7,400. Mtoto alifurahi, akasema, "Tumepata faida shilingi 7,400!" Nikamwambia, "Toa kwanza fedha tuliyotumia." Akatoa. Zikabaki shilingi 400. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, tukila hizi 7,400, gulio lijalo hatutakuwa na karanga."

Ndugu wasomaji, wangapi kati yetu hula fedha yote ya pamba, na msimu ukifika hatuna ya kununulia dawa? Mtoto yule aliona jambo ambalo baadhi yetu hatujaliona.

Tulinunua daftari. Ukurasa mmoja ni wa fedha iliyotoka. Wa pili ni wa fedha iliyoingia. Wa tatu ni wa waliokopa. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe unayesoma gazeti hili unaweza kuandika daftari hilo.

Jambo dogo huzaa kubwa

Msidharau habari hii ya mizani na chenji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakaweka watu wao wa kuangalia upimaji. Kisha wakaunda vyama vyao vya kuuza pamba. Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Mwaka 1955 vyama hivyo vilikuwa na muungano wao, Victoria Federation of Cooperative Unions. Jambo kubwa kama lile lilianza kwa mkulima kutazama mshale wa mizani.

Mtoto anayetazama mizani ya sukari leo, kesho atatazama mizani ya pamba kwenye chama cha msingi. Atakataa lumbesa. Atauliza bei kabla ya kupakia gunia.

Tahadhari

Mtoto asiache shule kwa ajili ya biashara. Karanga ni za baada ya masomo. Wafundisheni wavulana na wasichana sawasawa. Nasi watu wazima tusiwapite watoto dukani. Mtoto aliyefika kwanza ahudumiwe kwanza.

Kazi ya mwezi huu

Mtume mtoto wako dukani mara moja. Mwulize hesabu kabla hajaenda. Akirudi, mwulize alivyopokewa. Chenji ikipungua, usimpige wala usimgombeze. Keti naye, mhesabu pamoja. Kisha nendeni wote wawili dukani, mwulize mwenye duka kwa upole.

Mimi shilingi 500 zangu hazikurudi. Lakini binti yangu sasa huhesabu chenji, na mimi humsikiliza kwanza.

Ni mimi Bwana Shamba wenu,
Ngulyati, Bariadi.