Idete imo kwenye majarida ya dunia, haimo kwenye daftari la mwanafunzi

Mwanafunzi wangu aliulizwa kwenye mtihani wa moko: mbu aenezaye malaria huuma wakati gani? Akajibu kwamba huuma usiku watu wakiwa wamelala, ila wengine huuma jioni mapema, akina mama wakiwa bado wako nje wanapika. Msahihishaji akamkata. Mwongozo wa kusahihisha ulisema "usiku", basi, yakaishia hapo.

Binti huyo ni wa Bonde la Kilombero, ambako nafundisha biolojia, na hakuwa akibahatisha. Mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya humu humu bondeni: baada ya vyandarua vyenye dawa kuenea, sehemu ya kuumwa inayotokea nje ya nyumba iliongezeka. Yeye aliyajua hayo kwa kukaa jikoni na kujikuna. Sayansi ilikuwa upande wake, alama zikawa upande mwingine.

Huwezi kuzungumzia malaria duniani bila kuitaja Ifakara. Waswisi walifungua maabara pale mwaka 1957, na leo ni taasisi ya Watanzania inayoheshimika kila mahali. Hapa Kilombero na Ulanga ndipo ilipopimwa, miaka ya 1990, faida ya kuuza vyandarua vyenye dawa kwa wananchi wa kawaida. Ikaonekana kwamba mtoto anayelala ndani ya chandarua ana nafasi ya kuishi iliyo bora kwa asilimia 27. Sasa fungua daftari la mwanafunzi aliyekulia karibu na taasisi hiyo. Utakuta mistari ileile niliyoinakili mimi ubaoni nikiwa mwanafunzi: msababishi, mwenezaji, dalili, kinga. Fyeka nyasi, fukia madimbwi.

Kinachoniuma zaidi ni Idete. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto wa kijiji hicho walishiriki jaribio la chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Matokeo yalitoka mwaka 1994: kinga ya asilimia 31. Dunia ikapata matumaini. Kisha majaribio yakafanyika Gambia na Thailand, na kinga haikuonekana. Chanjo ikawekwa kando. Kazi haikusimama. Bagamoyo na Korogwe wakashiriki kuijaribu nyingine, RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021, na Bagamoyo tena ikawamo kwenye majaribio ya R21, iliyopendekezwa mwaka 2023.

Niambie ni somo gani bora kuliko hilo la kumfundisha mtoto maana ya jaribio, kundi la kulinganishia, na kwa nini matokeo ya mahali pamoja hayatoshi. Muhtasari unadai tufundishe "mbinu za kisayansi", nasi tunafundisha kwa mfano wa maharage yaliyooteshwa kwenye pamba. Siyachukii maharage. Lakini watoto wa Idete wa wakati ule leo wana umri wa wazazi wa wanafunzi wangu, na hakuna darasani anayejua kwamba kijiji hicho kiliwahi kusomwa London na Geneva.

Najua jibu la wakubwa: muhtasari hauwezi kukimbizana na kila makala mpya. Kweli, na wala usijaribu. Utafiti wa jana unaweza kukanushwa kesho, kama SPf66 ilivyoonyesha. Ninachodai ni kidogo. Mada ibaki ileile, ila mtihani uache kuuliza "taja" na uanze kumpa mwanafunzi jedwali la kweli asome. Mfano uko tayari: katika vijiji vya kusini mashariki mwa nchi, mbu aina ya Anopheles funestus si wengi kuliko wenzao, lakini ndio wanaobeba karibu tisa kati ya kila maambukizi kumi. Weka takwimu hizo kwenye karatasi, uliza: ungekuwa na fedha chache, ungepambana na mbu yupi, na kwa nini? Swali hilo huwezi kulikariri.

Vifaa? Upawa mweupe na mtaro wenye maji vinatosha. Kiluwiluwi cha Anopheles hulala sambamba na uso wa maji. Cha Culex huning'inia kichwa chini, kikipumulia mrija wa mkiani. Darasa langu la watoto zaidi ya sabini hulitambua hilo kabla kengele haijalia, na wale watundu wa nyuma ndio huwa wa kwanza.

Ila mwalimu peke yake hafiki mbali. Makala nyingi zimeandikwa kwa wataalamu, na mimi nina vipindi hadi jioni. Anayetaka kufanya utafiti nchini huomba kibali Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kibali hicho kiwe na sharti moja la ziada: ukimaliza, andika kurasa mbili kwa lugha nyepesi, zenye jedwali moja la data, zipelekwe shule za sekondari za wilaya ulikofanyia kazi. Watafiti wamekuwa wakiingia nyumba za vijiji hivi miaka nenda miaka rudi kuchukua damu na kutega mbu. Kurasa mbili si gharama.

Taasisi ya Elimu izipokee na kuzihakiki, Baraza la Mitihani litunge swali moja tu kila mwaka kutokana nazo. Walimu tunajuana: kikishaingia kwenye mtihani, kitafundishwa.