Chemba ya Tanga irudi sokoni

Waulize vijana wanaofungua maduka Ngamiani siku hizi chemba ya biashara ni nini. Watakwambia ni ofisi ya kugongewa muhuri kwenye cheti cha uasili wa bidhaa, ukitaka kusafirisha mzigo nje. Hawajakosea. Lakini mimi niliyeuza vipuri vya baiskeli Barabara ya Kumi na Mbili tangu enzi za foleni ya sukari, jibu hilo linaniuma, maana naijua shida iliyotufanya tuhitaji chombo hicho.

Wakubwa wa mji huu hawakuwahi kukosa msemaji. Reli ilianza kutandikwa hapa Tanga mwaka 1893, mwaka uleule Mjerumani Richard Hindorf alipoingiza mkonge. Katika miche 1,000 iliyoagizwa, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kwa miche hiyo nchi ikaja kuzalisha tani zipatazo 230,000 kwa mwaka mmoja, 1964. Wenye mashamba walikuwa na chama chao chenye nguvu, na walipolalamika serikali ya kikoloni ilitega sikio. Mwafrika mwenye kibanda cha chumvi na mafuta ya taa alikuwa na nani?

Azimio la Arusha likaja mwaka 1967, benki zikataifishwa, na mashamba mengi ya mkonge yakafuata. Mwaka 1971 zikataifishwa nyumba, na wenye maduka wengi wa Kihindi wakafungasha. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ikafunga maduka ya watu binafsi vijijini. Sitaki kurudia mjadala wa nani alikuwa sahihi. Wazee wenzangu watanipigia simu usiku kucha.

Ila msako wa wahujumu uchumi wa 1983 sitauruka. Jirani yetu mmoja, mama mjane, alikuwa na katoni mbili za sabuni ya miche alizonunua kihalali kabisa. Risiti hana. Aliposikia askari wamefika mtaa wa pili, alikesha akiikata ile miche vipande kwa uzi, akavigawa nyumba hadi nyumba. Kesho yake kila kamba ya kuanikia ilikuwa imejaa nguo, mtaa mzima unanukia sabuni, na mama wa watu hana mtaji. Hakuwa na pa kwenda kushtaki. Wakati ule ukiwa na mali na huna karatasi, jina lako ni mlanguzi, basi.

Mwaka uliofuata milango ikaanza kulegezwa: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Mwaka 1988, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ikaundwa Chemba ya Wafanyabiashara, Wenye Viwanda na Kilimo, TCCIA, kisha matawi yakaenea mikoani. Leo ni rahisi kusema tulishangilia. Wengi tuliogopa. Ujiandikishe jina, duka na aina ya mali, orodha ikae ofisini, halafu upepo ukigeuka? Waliotangulia kulipa ada walikuwa majasiri, na wengine wao wameshatangulia mbele ya haki bila mtu kuwaandika. Kumbukumbu za vikao vyao vya mwanzo zikusanywe sasa, zisije zikafungiwa maandazi.

Jambo moja waasisi wale walilipatia kuliko wanavyosifiwa: walimweka mkulima ndani tangu siku ya kwanza. Kwa Tanga hilo halikuwa pambo. Nendeni Muheza wakati wa machungwa. Malori ya wanunuzi yanakuja mpaka kutoka Kenya, na mwenye shamba mara nyingi ameshauza matunda yangali mabichi mtini, kwa bei ya mtu anayedaiwa ada ya shule. Mnunuzi anajua bei ya Mombasa, dalali anajua bei ya barabarani, mkulima anajua shida yake tu. Hapo ndipo chemba inapotakiwa iwe na meza, na ubao wa bei ambao hata mtoto wa darasa la nne anausoma.

Mei 2023, wenzetu wa Kariakoo walipofunga maduka, Waziri Mkuu alikwenda Mnazi Mmoja kuwasikiliza, wakasimama mmoja baada ya mwingine kumwaga kero za kodi na stoo. Kero zile hazikuzaliwa wiki ile. Chemba yenye masikio sokoni ingekuwa imeshazifikisha, na maduka yasingefungwa hata siku moja.

Sasa bandari yetu imeboreshwa, meli inafunga gatini badala ya kutia nanga mbali na mzigo kuletwa kwa matishari. Bomba la mafuta kutoka Hoima linaishia hapa Chongoleani. Zabuni zinapita juu ya vichwa vyetu kama ndege. Mwenye gereji, mama ntilie na mkulima wa mihogo wa Mkinga wanahitaji mtu wa kuwaulizia mapema, kabla mikataba haijatiwa saini.

Kwa hiyo nina ombi dogo kwa viongozi wa chemba mkoani. Mkutano mkuu ujao usiwe hotelini. Ufanyeni Muheza sokoni, msimu wa machungwa, na ajenda ya kwanza iwe bei ya tenga. Mimi nitakuja na ada yangu mfukoni, na risiti nitaidai palepale.