Vifaranga vya Samaki: Tuulize Asili Yake

Hakuna anayebisha kwamba mabwawa ya samaki yana manufaa kwa wananchi wa Ufipa. Familia iliyo mbali na ziwa hupata kitoweo. Shule hupata somo la vitendo. Linalosahauliwa ni swali moja: kifaranga anayetiwa bwawani ni samaki gani?

Maji ya mashariki mwa nyanda za juu za Ufipa huteremka hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto utokao, lenye perege wake wa asili ambaye wataalamu humwita Oreochromis rukwaensis. Lakini kifaranga anayeuzwa zaidi nchini ni sato, kwa kuwa hukua upesi. Masika bwawa likifurika, sato hufuata maji, na akikutana na perege wa asili huzaana naye. Wazaliwao si sato, wala si perege wa Rukwa.

Wapo wanaojibu kwamba vifaranga hugeuzwa kuwa madume watupu, basi hawataongezeka. Jibu hilo ni la bwawani tu. Dume mmoja akitoroka, ziwani atakuta majike tele.

Ziwa Victoria limekwisha kuyaona haya. Sato aliletwa huko miaka ya 1950. Ngege, aliyekuwa tegemeo la wavuvi, leo ni nadra, ingawa sangara na uvuvi wa kupita kiasi navyo vina lawama kubwa.

Ndugu afisa uvuvi, ndugu mwalimu, kabla ya kuagiza vifaranga dai jina la samaki. Na kituo chochote kitakachojengwa Sumbawanga kizalishe perege wa Rukwa, hata kama huchelewa kukua.