Paa la Kariakoo na maji yanayomwagika nyumbani

Shule zinapokaribia kufunguliwa, familia nyingi za Dar es Salaam huenda Kariakoo kutafuta sare, viatu na madaftari. Macho huwa chini, kwenye mkoba na kwenye mkono wa mtoto, na ni sawa, maana kupotezana pale ni dakika moja. Wachache huinua kichwa wakaliona paa la soko kuu: miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, kila mmoja juu ya nguzo yake.

Aliyelichora ni Mtanzania, Beda Amuli. Alisomea usanifu majengo Haifa, Israel, akafungua ofisi yake mwaka 1969, wakati kazi hiyo nchini ilikuwa bado mikononi mwa wageni. Ujenzi ulianza mwaka 1971 na Mwalimu Nyerere akalizindua soko Desemba 8, 1975.

Miaka hiyo dunia ilipenda majengo yaliyofanana na kesho. Las Vegas, mji wa jangwani huko Marekani, ulijaa taa za neoni na majengo yaliyoiga vyombo vya anga. Umeme ukizimwa, pale hubaki vibao tu. Kesho aliyoichora Amuli haikungoja swichi. Pande ziliachwa wazi, upepo upite. Miavuli ikakinga mvua na kuishusha kwenye matangi ya chini. Muuzaji akakaa kivulini, kama aliye chini ya mwembe.

Usiku wa Julai 10, 2021 soko liliungua. Mitaji ikateketea, na pamoja nayo ada za watoto na kodi za nyumba. Serikali iliamua kulikarabati jengo la Amuli badala ya kulibomoa, na kujenga jingine pembeni. Uamuzi mzuri, hata kama wenye vizimba walisubiri miaka.

Sasa tazama nyumba zinazopanda huko Chanika au Kivule. Madirisha yako upande mmoja, feni inazunguka mchana kutwa. Mvua ikinyesha, maji ya bati yanakwenda kwa jirani na kuzua ugomvi. Wiki mbili baadaye mama wa nyumba hiyo hiyo ananunua maji kwa ndoo.

Hesabu yake si ngumu. Paa lenye mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20, hupokea lita 2,000, yaani madumu 100 ya lita ishirini. Yatakayomwagika njiani yapo, lakini simtanki litajaa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayofuata yafulie, yadekie, yamwagilie mchicha. Ya kunywa yachemshwe.

Fundi aulizwe habari ya gata kabla ya kupaua. Akishashuka na ngazi yake, kumrudisha ni bei nyingine.