Makala Hazizaliwi Ofisini kwa Msimamizi

Viwango vya 2014 vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini Kenya vilimtaka mwanafunzi wa uzamifu achapishe makala mbili katika majarida yanayohakikiwa. Ni sharti jema, ila anayelipokea hupewa lengo bila njia. Anayetafiti istilahi za wakulima wa mahindi huku Tongaren, akisomea Chuo Kikuu cha Kibabii, husomwa na wasimamizi wake tu. Akisimama mbele ya kongamano la chama cha Kiswahili kama CHAKITA au CHAKAMA, msomi asiyemjua humuuliza kwa nini aliwahoji wazee peke yao, na sura ya mbinu hurekebishwa mapema, kabla tasnifu haijafika kwa watahini. Mada nyingi za kongamano la Kiswahili la Bayreuth, Ujerumani, huishia Swahili Forum, jarida lililoanza 1994 na linalosomwa bure mtandaoni. Hapo hotuba ya dakika ishirini hugeuka makala inayoweza kunukuliwa.

Wapo wanaodai kwamba matoleo maalumu ya majarida yanayokusanya mada za makongamano hulegeza viwango. Hulegea pale uhakiki unaporukwa. Mhariri anayejulikana, na wahakiki wawili wasioambiwa jina la mwandishi, hawamwonei mtu haya. Hatari kubwa zaidi ni majarida yanayotoza ada na kukubali makala kwa siku chache bila swali hata moja, na humnasa hasa mwanafunzi aliyeachwa peke yake. Pingamizi lenye uzito ni gharama: nauli, malazi, ada ya usajili. Basi waandalizi wapunguze ada ya wanafunzi, waruhusu kuwasilisha kwa mtandao, na baadhi ya vikao viletwe Bungoma na Kitale.