Filamu Zetu na Muziki wa Kuazima

Wapo wasemao kwamba muziki katika filamu ni pambo tu, na pambo huazimwa. Sisi tunakataa. Mwaka 1908, filamu zikiwa bado bubu, Wafaransa walimwomba Camille Saint-Saëns, mtunzi mkubwa mwenye umri wa miaka 73, aitungie muziki filamu fupi iitwayo L'Assassinat du duc de Guise. Walikwisha tambua kuwa kila tukio lina mapigo yake.

Leo mpiga picha afikapo Kilambo, akatuonyesha mitumbwi ikivuka Ruvuma, kisha akaibandikia picha hiyo muziki wa ng'ambo, ametupa mto wetu machoni na kutunyang'anya masikioni. Wala dawa si kubandika sindimba popote. Sindimba ni ngoma ya Wamakonde ya kushangilia vijana watokapo jandoni na unyagoni. Kuipiga mahali mama anapomlilia mwanawe aliyezama ni kumdhihaki mama, na kuidhihaki ngoma pia. Lililo wajibu ni kutunga: mtunzi aitazame picha, apime kasia la mvuvi na kimya cha mfiwa, ndipo aamue ngoma ilie wapi na inyamaze wapi.

Watasema fedha hazitoshi. Za kamera zilipatikana. Za mtunzi ndizo zikosekane? Walimu, wafunzeni vijana kutunga, si kukariri tu. Wahenga walikwisha tuonya: nguo ya kuazima haisitiri maungo.