TUANDIKE TUNACHOKIONA, TUSINGOJE HASARA

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Mwaka jana mwezi wa Machi vijana wetu wachungaji waliona korongo wengi wametua malishoni, wanadonoa kwenye majani kutwa nzima. Wakasimulia nyumbani, watu wakacheka, wakalala. Siku ya nne viwavijeshi wamevuka mfereji, na mahindi ya upande wa chini yakabaki vijiti. Bwana shamba alipofika akauliza: walionekana lini, na wapi kwanza? Tulibishana saa nzima. Huyu Jumatatu, yule Alhamisi. Hakuna aliyekuwa na karatasi.

Sisi tunasema hasara ile haikuletwa na viwavi peke yao. Uzembe wetu ulikuwamo.

Korongo hatui bure. Wale weupe hutoka Ulaya, na ikifika Machi wengi wamo safarini kurudi kwao kuzaa. Wakikuta viwavi hushuka kushiba. Nondo nao ni dalili. Wakijaa kwenye taa baada ya mvua za kwanza, jueni jike mmoja aweza kutaga mayai hata 1,000, na huanguliwa kwa siku chache tu. Kiwavi mchanga haonekani upesi, lakini dawa inamweza. Akishakuwa mweusi na kutembea kwa makundi, tumechelewa. (Hapa hatusemi wale vamizi walioingia nchini 2017, wanaojificha ndani ya muhindi.)

Wapo wanaosema hii ni kazi ya bwana shamba. Jamani, bwana shamba ni mmoja, na vijiji vyake ni vingi. Macho yaliyoko malishoni kila siku ni yetu. Wengine wanaona haya kwa mwandiko wao. Sisi tuliojifunza kuandika ukubwani aibu hiyo twaijua, lakini daftari halichagui mwandiko. Andika tarehe, mahali, umeona nini, wengi au wachache. Basi, yatosha.

Daftari limefungwa kwa kamba mlangoni pa ghala la ushirika, na kalamu ipo. Asiyejua kuandika amwombe mwenzake amwandikie. Na mtoto akileta habari za ndege asiambiwe ana maneno mengi. Aletwe ghalani, aandikwe.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Masika ndiyo haya yanakuja. Kazi kwetu.

Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji